Kiwanja cha mtaa na mwekezaji: andikeni masaa kwanza, hela baadaye

Wakuu, kuna kitu nimekiona kwa macho yangu hapa Dar na sitamani mtaa mwingine ukipitie. Saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, watoto kama kumi na tano wameshika wavu kwa nje, wameganda hapo mpaka alama za nyaya zinabaki mashavuni. Ndani kapeti la nyasi bandia limelala tupu, hakuna hata mtu mmoja, na mlinzi wa getini anawauliza swali moja tu: "Mmelipia?" Mwaka mmoja nyuma, kabla kamati yetu haijampa mwekezaji kiwanja, pale palikuwa vumbi na mawe, magoli ya mirunda, lakini watoto walikuwa wanacheza kila siku ya Mungu.

Na mwekezaji hakumdanganya mtu, kila alichoahidi alijenga, kapeti lipo, taa zipo, choo kipo tena kisafi. Wajinga tulikuwa sisi kamati. Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na mbili, zinaongelea kodi, adhabu ya kuchelewa kulipa, mpaka rangi ya uzio, ila hakuna mstari hata mmoja unaosema nani anaingia saa ngapi. Yani tuligawana hela, kiwanja chenyewe hatukugawana.

Sasa naandika hii maana kipindi hiki wenye hela wamechangamka. CHAN ya Agosti 2025 ilifunguliwa hapa hapa kwa Mkapa, AFCON ya 2027 tunaandaa sisi na Kenya na Uganda, kwahiyo kila mwenye kampuni anaona viwanja ni dili na vijana wa mtaani wanafuatwa na watu wenye michoro mizuri kwenye kompyuta. Siyo mbaya hata kidogo. Halmashauri peke yake haina hela ya kutengeneza kila kiwanja na mtaa ukichangishana utaishia kununua nyavu. Ila kuna namna ya kuingia kwenye hii kitu, nitaeleza nilivyojifunza, mwingine atarekebisha kwake.

Kwanza mjue mnaongelea nini

Watu wanaita kila kitu ubia, au hiyo PPP mnayoisikia kwenye redio. Siyo kila kitu. Kampuni ikiwapa jezi, mipira na hela ya bonanza halafu ikatundika bango lake, huo ni udhamini, unaisha siku ya fainali. Mtu akikodishwa kipande cha pembeni aweke kontena la kuuzia vinywaji, huyo ni mpangaji. Ubia ni pale ambapo upande wa umma unaleta kitu chake, mara nyingi ardhi, na mtu binafsi analeta mtaji, anajenga, anaendesha kwa miaka kadhaa, anabeba hasara ikitokea, anachukua sehemu ya mapato na mwisho anakabidhi. Hapo kwenye kubeba hasara ndipo pa kuangalia kweli kweli, maana ukiona mkataba ambao mvua ikiharibu mnatengeneza ninyi, wateja wakikosekana mnapunguza kodi ninyi, hapo hakuna mbia, kuna mtu anatumia ardhi yenu bure.

Sheria ipo, Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya 2010, Sura ya 103, imeshafanyiwa marekebisho mara kadhaa ikiwemo 2014, 2018 na 2023, na kuna Kituo cha Ubia kabisa cha serikali. Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni mambo ya bandari na barabara za kulipia tu, lakini halmashauri nazo zinaruhusiwa kuingia ubia kwenye miradi yao. La kukumbuka ni kwamba anayesaini ni halmashauri, siyo mwenyekiti wa mtaa, siyo diwani, siyo katibu wa timu. Mtaa unaweza kupendekeza, kusimamia, kupiga kelele, ila ukiona mwekezaji anataka kusaini na serikali ya mtaa "ili tusicheleweshane" ujue hata yeye hajui anachofanya au anajua sana.

Mfano wa kwenda kuuona kwa macho upo pale Kidongo Chekundu, kituo cha michezo cha vijana cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa Oktoba 2015. Eneo la umma, kampuni ya umeme ya Symbion Power ikaingiza hela, klabu ya Sunderland ya Uingereza ikaja na utaalamu wa kufundisha watoto. Nendeni tu mkasimame pale mwangalie mpangilio, viwanja vya mpira wa miguu, vya kikapu, nani anaingia muda gani. Utajifunza zaidi kuliko kusoma vitabu. Ila msiende mkasema "na sisi tunataka kama hiki" maana mtaa wenu hauna Sunderland, una timu ya veterani, klabu mbili za jogging na shule ya msingi ukuta kwa ukuta.

Kiwanja ni cha nani?

Hapa watu wanaruka na ndipo wanapovunjikia mguu. Mzee atakwambia "hiki kiwanja tunacheza toka enzi za Mwalimu", sawa shikamoo mzee, lakini kucheza toka enzi za Mwalimu siyo hati. Nendeni ofisi ya mipango miji ya halmashauri yenu, iwe Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni au Jiji (ile iliyokuwa Ilala kabla ya 2021), muombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Mnaweza kukuta limeandikwa eneo la wazi, mnaweza kukuta ni sehemu ya shule, mnaweza kukuta kiwanja cha mtu, tena kishauzwa. Kama ni la shule basi kamati ya shule na mwalimu mkuu ndio wa kuanza nao, msije mkamruka mwalimu mkuu, hata diwani hatawasaidia. Kama ni eneo la wazi basi matumizi yake yanalindwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mtu hawezi kuamka akajenga ukumbi wa harusi akasema ni sehemu ya michezo. Kubadilisha matumizi kuna utaratibu wake na wananchi wanatakiwa kujua.

Mkishaona mchoro tembeeni na mpima ardhi mtafute bikoni, yale mawe ya mpaka. Sisi tulizunguka asubuhi nzima na jembe, bikoni moja tukaikuta ndani ya banda la kuku la jirani, mama mwenye banda akasema yeye alidhani ni jiwe la kusimamishia ndoo. Tulicheka lakini ile bikoni ilimaanisha mita sita za kiwanja zimeliwa, na mita sita kwenye kiwanja cha mpira ndio eneo la kupiga kona na la makocha. Malizaneni na jirani mapema kwa maneno mazuri, akija mwekezaji na tingatinga haitakuwa maneno tena.

Afu maji. Dar hii tunajuana, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya mwisho wa mwaka, kiwanja kinageuka bwawa. Kama mko bondeni kwenye njia ya mto Msimbazi na matawi yake msidanganyike na mtu anayetaka kumwaga kapeti hapo, waulizeni watu wa Jangwani. Ulizeni pia halmashauri kama kuna mfereji wa DMDP, ule mradi wa miundombinu wa Dar, au mradi wowote unaopita hapo, maana kufukua kapeti la mamilioni kupitisha mtaro ni kilio. Na kama mnataka nyasi za asili za kumwagilia, pimeni maji ya kisima kwanza. Visima vingi vya hapa, hasa ukisogea pwani, vina chumvi, nyasi zinaungua. Kuchimba kwenyewe kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, siyo mnaita tu fundi wa kuchimba.

Masaa

Hii ndio sehemu ninayotaka msome mara mbili.

Chukueni karatasi kubwa, zile za kuandikia semina, mchore wiki nzima. Kiwanja chenye taa kikifunguliwa saa 12 asubuhi kikafungwa saa 5 usiku kina masaa 17 kwa siku, yani 119 kwa wiki. Hiyo ndio mali mnayogawana, 119. Kabla hamjakutana na mwekezaji yeyote, kaeni ninyi kwa ninyi, veterani, jogging, kocha wa watoto, mwalimu wa michezo wa shule, mabinti wa netiboli, mjaze yenu.

Mfano wetu wa safari ya pili, tulipoamua kujifunza, ulikuwa hivi. Watoto Jumatatu mpaka Ijumaa saa 9 na nusu mpaka saa 12 jioni, hayo ni masaa 12 na nusu, na ndani yake siku mbili ni za mabinti kwanza. Shule Jumanne na Alhamisi asubuhi masaa matatu matatu, sita hayo. Jogging Jumamosi na Jumapili alfajiri mpaka saa 2, manne. Timu za mtaa wikiendi saa 9 mpaka 12 jioni, sita. Veterani Jumapili saa 2 mpaka saa 4, mawili, ingawa veterani walitaka matano na wakanuna wiki nzima. Jumla 30 na nusu, robo na kidogo tu ya masaa yote.

Sasa angalieni kilichobaki. Usiku wote umebaki. Na usiku ndio hela ilipo! Mtu wa ofisini Posta au Mikocheni anayelipia kiwanja na wenzake kumi hachezi saa 10 alasiri na jua hili, anakuja saa 1 usiku akitoka kwenye foleni, anacheza lisaa limoja, anakunywa maji baridi anaondoka. Mtoto wa darasa la tano hachezi saa 2 usiku, mama yake atamfuata na mwiko. Yani watoto wanataka mwanga wa jua na mwekezaji anauza mwanga wa taa, ugomvi wa kweli uko kwenye masaa machache sana, ile saa 11 mpaka 12 jioni na Jumamosi asubuhi. Yule mwekezaji wetu wa kwanza alifunga geti mchana kwa kutuogopa bure, alidhani tukiingia tutaharibu kapeti, na sisi tukaona ni roho mbaya, kumbe hakuna aliyechora karatasi.

Masaa yakishakubalika yaingie kwenye mkataba wenyewe kama kiambatisho kinachosainiwa, siyo "ratiba itapangwa baadaye kwa maelewano". Hilo neno maelewano likimbieni. Na muandike kwamba kwenye masaa ya mtaa geti liko wazi bila kulipia, na asiyekuwa na viatu vya kapeti atacheza peku au raba, maana kuna janja ya kusema mnaruhusiwa bure ila kila mtoto awe na viatu maalum, ambavyo mtoto wa muuza ndizi havipati.

Kuna na siku ambazo siyo za mpira. Kiwanja cha mtaa hapa mjini ni swala ya Idd, ni mkutano wa injili, ni mkutano wa kampeni, ni turubai la msiba ikikosekana nafasi nyumbani. Kapeti halipendi viti vya plastiki vyenye miguu mikali wala nyama choma. Amueni mapema ni siku ngapi kwa mwaka, sehemu gani inafunikwa na nini, na ni nani analipa kikichanika. Mzee mwenyekiti wetu alilimaliza kwa sentensi moja, "Msiba hauombi ratiba, kwahiyo tutenge ule upande wa mashariki usiwekwe kapeti kabisa." Na ndivyo ilivyokuwa, upande wa mashariki una mti wa mwarobaini na vumbi lake mpaka leo na nadhani ndio sehemu inayopendwa kuliko zote.

Ukubwa nao ni mtego. Kiwanja kamili cha mpira cha kimataifa ni mita 105 kwa 68. Kile kidogo cha watano watano ni kama 40 kwa 20, hivyo ndani ya kikubwa kimoja mtu anaingiza vidogo sita bila shida, na timu kumi na mbili zinalipa kwa wakati mmoja. Mtaji unapenda vidogo. Lakini mkikata kikubwa chote timu yenu ya daraja la wilaya haina pa kucheza na mtoto anayekua hajui kupiga krosi. Mpeni mwekezaji pembeni, vidogo viwili, na kikubwa kibaki kizima. Kikapu ni mita 28 kwa 15, netiboli 30.5 kwa 15.25, vyote vinaweza kuchorwa kwenye sakafu moja ya zege kwa rangi mbili, gharama ndogo na mabinti wanapata sehemu yao.

Hela

Msiogope hesabu, na msikubali kuambiwa "umeme unatumaliza" bila kalamu mkononi. Chukulia taa nane za LED za wati 400, hiyo ni kilowati 3.2. Zikiwaka lisaa ni yuniti 3.2, na LUKU ya kawaida ni kama shilingi 356 kwa yuniti kodi zikiwemo. Tuseme kiwanja kidogo kimekodishwa masaa 16 ya usiku kwa wiki, umeme wa taa ni yuniti 51 na kidogo, haifiki hata elfu 20. Kama lisaa ni elfu 40 (nasema tuseme, bei mtaweka yenu), wiki imeingiza laki sita na arobaini. Kwahiyo taa siyo zinazommaliza. Kinachommaliza ni kapeti, mkopo wa benki, mlinzi na matengenezo, hayo ndio muyaongelee naye kwa heshima kama watu wazima.

Kapeti zuri likitunzwa linakaa miaka 8 mpaka 10 hivi, siyo milele. Linataka kupigwa brashi, mchanga na punje za raba zinazojazwa kwenye kapeti zirudishwe pale kwenye miguu ya magoli ambako huwa zinakimbia, na mchana wa Februari linawaka moto, linamwagiwa maji kabla ya watoto kuingia. Sasa fikiria mkataba wa miaka 10. Mwekezaji anakula kapeti lote, mwaka wa kumi anawakabidhi zulia bovu na asante. Ndio maana wanapenda kumi. Aidha muweke sharti la kubadilisha kapeti miaka michache kabla ya kukabidhi, au kuwe na akaunti ya matengenezo ambayo kila mwezi inawekwa kitu na hatoi mtu mmoja. Na kabla hamjaagiza, waulizeni TRA na Baraza la Michezo la Taifa kuhusu msamaha wa VAT kwenye nyasi bandia, bajeti ya 2021/22 ilileta msamaha huo kwa viwanja vya mpira vya majiji, masharti yake mkayasikie kwao wenyewe.

Mgawo: msikubali asilimia ya faida. Narudia, siyo faida. Faida ni kitu ambacho mhasibu mzuri anaweza kukificha miaka kumi na tano, kila mwaka kuna "gharama za uendeshaji". Chukueni kiwango cha chini kisichopungua, kiwe kidogo tu, halafu juu yake asilimia ya mauzo. Kwa mfano ule wa juu, mauzo ya mwezi ni kama milioni mbili na nusu na ushee, asilimia kumi ni laki mbili na nusu hivi, na mnaweza kuihakiki kwa kuangalia daftari la kubuku na mashine ya risiti. Hela ya halmashauri ilipwe kwa kontroli namba. Hela ya mtaa, kama kuna fungu lenu, iende kwenye akaunti yenye wasaini watatu. Mwekezaji mzuri hatakasirika, anayetaka kulipa mkononi ndio wa kumuogopa.

Pembeni ya uzio

Wanaposema maendeleo ya uchumi wa eneo watu wanafikiria jengo. Mimi nafikiria mama wa chapati na maharage anayeuza sahani ishirini zaidi siku ya mechi, bodaboda wa kijiwe cha kona, kijana wa juisi ya miwa, dada anayefua vizibao vya mazoezi kila asubuhi. Ndio hao hao wanaopotea mwekezaji akijenga kantini yake moja na kuingia mkataba na kampuni ya soda kwamba hakuna kinywaji kingine ndani ya mita kadhaa. Hilo sharti la mita lisomeni vizuri, limefichwa nyuma nyuma. Wekeni lenu: vibanda kadhaa nje ya geti ni vya wakazi, kodi yake inajulikana, na usafi, ulinzi na ufuaji vinapewa vikundi vya mtaa kwanza kama bei yao inalingana.

Vikundi visije mikono mitupu. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo usio na riba na ulirudi 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Kikundi cha vijana watano wenye katiba, akaunti na mkataba wa kufagia kiwanja mkononi kina hoja nzito zaidi mbele ya afisa maendeleo ya jamii kuliko kikundi chenye "wazo la biashara". Ila jamani ni mkopo, msije mkanunua seti ya jezi.

Kelele pia. Muziki mnene mpaka usiku wa manane ukiuruhusu miezi miwili tu majirani watakigeukia kiwanja chote, na watakuwa sahihi. Spika zizimwe saa 4, iandikwe.

Kupita ofisini

Mlolongo wenyewe nitaupitisha haraka. Mnaanza na mkutano wa mtaa, na muhtasari wenye mahudhurio na sahihi, hiyo karatasi ndio silaha yenu yote, itunzeni na kopi tatu. Hapo mnapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kupitia mtendaji wa kata na diwani, kisha halmashauri, ambako mtakutana na afisa michezo, mipango miji, mwanasheria, mweka hazina, na mwisho vikao vya madiwani. Kukiwa na ubia wa kisheria kuna andiko la awali, upembuzi yakinifu na uidhinishaji, na mwekezaji anapatikana kwa ushindani, manunuzi ya umma siku hizi yanapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa mtandaoni. Ndio, inamaanisha yule kaka mwenye mchoro mzuri aliyewafuata ninyi wa kwanza anaweza kushindwa na mwingine. Mwambieni mapema asije akasema mlimtapeli.

Inachukua muda, tena muda mrefu. Katikati mwenyekiti anaweza kubadilika, diwani anaweza kubadilika, afisa atahamishwa Songea. Kwahiyo kamati yenu iwe na watu wasiogombea kitu. Na kama mna timu, isajilini klabu kwa msajili wa michezo, maana mkienda kama "vijana wa kiwanjani" mtapewa viti vya nje.

Wakati mnasubiri hakuna haja ya kukaa. Pandeni miti upande wa jua, wekeni magoli ya chuma yaliyochimbiwa zege (goli lisilofungwa linaweza kumuangukia mtoto, hili siyo la kusubiri mwekezaji), na anzeni kuitumia ile ratiba ya masaa kwenye vumbi hilo hilo. Mkiweza kuifuata miezi sita bila kapeti, mwekezaji akija anakuta mtaa wenye utaratibu, na mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Kwenye mkataba wenyewe, ukiacha masaa, kapeti na mgawo, tafuteni haya: mtoto akivunjika mkono kwenye masaa ya mtaa nani ana bima na sanduku la huduma ya kwanza liko wapi. Choo cha wanawake chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kinachotumika hata masaa ya bure. Mwekezaji akiuza kampuni yake, aliyenunua anabanwa na ratiba ile ile? Asipojenga ndani ya muda kiwanja kinarudi lini, maana kuna maeneo yamezungushiwa mabati miaka na ndani kuna majani tu. Na mkataba uwe na Kiswahili, siyo muhtasari wa Kiswahili, mkataba wenyewe.

Halafu kuna ubao. Sisi tuliweka wa kawaida tu, plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi, pale getini usawa wa macho ya mtoto wa darasa la nne. Kushoto ratiba ya wiki, kulia mapato ya mwezi uliopita na yameenda wapi, chini namba ya simu ya katibu, yani mimi. Mwezi wa pili tangu tuuweke nikapigiwa saa 3 usiku, sauti ya kitoto kabisa.

"Shikamoo anko katibu, huku kwenye ubao mmeandika nyavu elfu themanini, mbona goli la kaskazini halina nyavu?"

Nilikuwa nimesahau kuzichukua kwa fundi. Kesho yake saa 12 asubuhi nilikuwa juu ya ngazi nafunga.